Lumbesa ya Kwenye Simu

Kila aliyelima alizeti hapa Chemba anaijua lumbesa. Mnunuzi huja, hutaja bei ya gunia, na bei yenyewe haionekani mbaya. Hila haimo katika bei, imo katika gunia. Hujazwa, hushindiliwa, kisha mdomoni hushonewa nyongeza kama kilemba, na mzigo wote huo ukaitwa gunia moja. Mkulima hulipwa kwa gunia. Mbele ya safari mzigo ule ule huuzwa kwa kilo. Sheria ya Vipimo inakataza, lakini mwenye shida hana ubavu wa kubishana na mwenye lori.

Nilidhani hila hiyo ni ya magunia tu, mpaka nilipoikuta katika simu ya dada yangu.

Dada alikuwa ameweka humo hela ya alizeti iliyobaki baada ya kumlipa mwenye trekta. Mwanawe wa miaka kumi na mitatu ndiye humsomea ujumbe na kumtazamia salio, kwa hiyo namba ya siri aliijua. Katika muda wa wiki moja zilitoweka shilingi 40,000. Nilipomwita kijana, hakukana. Alinijibu kwa unyofu ulionishangaza: "Mjomba, sikununua kwa hela. Nilinunua kwa vito."

Nikamwambia anionyeshe. Mchezo wenyewe, nisiseme uongo, ni kazi ya mafundi. Picha zinapendeza, na kuupata hakukumgharimu kitu. Ubaya uko dukani, ndani ya mchezo. Humo hakuna kitu chenye bei ya shilingi. Kwanza unanunua vito, kisha kwa vito unanunua nguo za yule askari wako wa kwenye kioo. Vito 100 ni shilingi 2,500. Shati ni vito 140. Hapana budi ununue mafungu mawili, na vito 60 vinabaki, ambavyo peke yake havinunui kitu cha maana. Basi unaongeza fungu jingine ili vile 60 visipotee bure. Hiyo ndiyo lumbesa: kipimo kimetengenezwa ili kisilingane kamwe na haja yako, na muuza vito ndiye mshonaji wa gunia.

Pembeni palikuwa na viatu, bei ya zamani vito 300 imekatwa kwa mstari mwekundu, bei mpya 150, na saa inayohesabu kurudi nyuma. Kijana alivinunua mbio mbio. Wiki iliyofuata tulivikuta pale pale, kwa bei ile ile, na saa inahesabu upya.

Msomaji atasema: kijana ameiba, na mama amezembea. Ameiba, kweli, na amekemewa. Lakini mambo haya hayakumpata mtoto wa Chemba peke yake. Mwezi Desemba 2022 kampuni ya Epic Games, wenye mchezo wa Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 245 katika shauri la Tume ya Biashara ya Marekani. Tume ilisema vitufe vya mchezo huo vilipangwa kwa namna ya kutatanisha, hata mchezaji akaweza kutozwa fedha kwa kubonyeza kitufe kimoja tu, akiwa anataka kutazama bidhaa au kuamsha mchezo uliolala. Tena, waliolalamika benki kuhusu makato hayo walifungiwa akaunti zao. Mwezi Mei 2024 mamlaka ya Uholanzi inayolinda watumiaji iliitoza kampuni hiyo hiyo faini ya zaidi ya euro milioni moja, na sababu mojawapo ilikuwa saa ya namna hiyo: ilimhimiza mtoto anunue upesi, ilhali baadhi ya bidhaa ziliendelea kuuzwa saa ilipokwisha.

Ikiwa wazazi wa huko, wenye benki na wanasheria, walinaswa, dada yangu angejinasuaje?

Mimi sidai michezo ipigwe marufuku. Fundi ana haki ya ujira wake. Ninachodai ni kile tunachodai mizani: kila kitu kiandikwe bei yake kwa fedha ya nchi, mtu auziwe vito vinavyomtosha na si zaidi, na saa ikisema bei inakwisha, iishe kweli. Muuzaji anayeogopa masharti hayo anatuambia faida yake inatoka wapi. Sheria yetu ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Sioni kwa nini upotoshaji uwe halali kwa kuwa umefanyika kwenye kioo.

Nilimpa kijana daftari, nikamwambia ageuze kila alichonunua kuwa shilingi. Alipofika kwenye viatu alinyamaza. Vilikuwa na thamani kuliko ndala alizovaa.

Dada amebadilisha namba ya siri. Kijana haguswi tena na ile simu. Ujumbe ukiingia, dada huenda nayo kwa jirani, akangoja kwenye kibaraza mpaka jirani apate nafasi ya kumsomea. Hasara hiyo haimo katika zile shilingi 40,000.