"Malaika": Mali, Matumaini na Kiambishi -nge-

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, wimbo wa dansi wa mapenzi haujapewa nafasi inayolingana na ile ya utenzi, shairi au riwaya. Mara nyingi huhesabiwa kuwa burudani nyepesi isiyostahili kuchambuliwa. Makala haya yanakusudia kuutazama wimbo mmoja, "Malaika", na kuuliza swali moja tu. Kwa nini wimbo uliorekodiwa Nairobi na Fadhili William mnamo 1960 hivi ungali unawagusa vijana wa Moba, waliozaliwa miaka mingi baadaye na ambao Kiswahili chao si kile cha pwani?

Jibu la kawaida ni kwamba wimbo una sauti tamu. Jibu hili lina ukweli. Mwendo wake ni wa taratibu, na mwimbaji halazimiki kupaza sauti. Hata asiye na kipaji huweza kuuimba. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliutia katika albamu yao ya 1965 kwa jina la "My Angel". Kundi la Boney M. liliurekodi mwaka 1981, na Angélique Kidjo mwaka 1991. Wengi walioupenda kwa njia hiyo hawakujua Kiswahili. Hata hivyo, sauti tamu peke yake haitoshi kuwa sababu. Nyimbo tamu za miaka ile zilikuwa nyingi, na nyingi zimesahauliwa. Hatuna budi kuyarudia maneno.

Neno la kwanza la kuzingatiwa ni mali. Msikilizaji wa pwani akilisikia huelewa utajiri kwa jumla. Hapa kwetu, kuanzia Kirungu mlimani hadi bandarini, mali ni pia jina la kile ambacho Kiswahili sanifu hukiita mahari: fedha, mbuzi na vitenge vinavyopelekwa kwa wazazi wa binti. Wala jambo hili si la mila peke yake. Kifungu cha 361 cha Sheria ya Familia ya Kongo, iliyotolewa tarehe 1 Agosti 1987, kinaitaka familia ya mume ipatane na wazazi wa binti juu ya mahari, na marekebisho ya 2016 hayakuyafuta. Kwa hiyo kijana wa Moba anaposikia mtu akilalamika kuwa hana mali, hasikii malalamiko ya ufukara kwa ujumla. Anasikia hesabu anayoijua, inayodaiwa na watu anaowajua.

Jambo la pili ni la kisarufi. Nafsineni huitaja ndoa kwa kiambishi -nge-, si kwa -ngali-. Tofauti hii, ambayo wanafunzi wetu huichanganya katika insha zao, ndiyo moyo wa wimbo. Katika Kiswahili sanifu, -ngali- hufunga mlango: jambo halikutokea, nalo halitatokea tena. Kiambishi -nge- huuacha mlango wazi kidogo. Sharti halijatimia leo, lakini hakuna aliyesema kwamba halitatimia kesho. Laiti mtunzi angalichagua -ngali-, tungalikuwa na wimbo wa maombolezo, na maombolezo huimbwa kwa msimu. Wimbo huu ni wa kungoja, na hakuna kizazi kisichongoja.

Jambo la tatu ni kwamba nafsineni hamlaumu mtu. Hajitukuzi mbele ya binti bali hujitambulisha kama kijana mwenzake. Hawatukani wazazi wala hamtaji mpinzani. Mhakiki aliyelelewa katika mkabala wa kitabaka uliotawala miaka ya 1970 na 1980 ataona hapa udhaifu: pesa inatajwa kuwa inaisumbua roho, lakini chanzo chake hakihojiwi. Hoja hiyo ina uzito. Aidha, tungeongeza kasoro nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni kwamba binti mwenyewe hasemi. Ameitwa malaika, ameitwa kidege, lakini hakuulizwa kama yeye angemkubali kijana asiye na kitu. Hata hivyo, ukimya huo juu ya lawama ndio unaomruhusu kila msikilizaji kuujaza kwa kisa chake. Wimbo ungemtaja mkosaji, ungekuwa wa mtu mmoja.

Kuna kinaya mbili zinazostahili kutajwa. Ya kwanza ni kwamba wimbo wa mtu asiye na pesa umezua ubishi mrefu juu ya nani mwenye haki ya pesa zake. Adam Salim wa Tanzania, miongoni mwa wengine, alidai kuwa ndiye aliyeutunga. Ya pili tunaiona wenyewe hapa Moba: wimbo wa aliyeshindwa kuoa huimbwa katika arusi. Wengine huliona hilo kuwa kosa la kutoelewa maneno. Sisi hatuoni hivyo. Bwana arusi aliyemaliza kutoa mali anajua alivyokaribia kushindwa, na nyuma ya viti wamesimama rafiki zake ambao bado hawajatoa. Wote huimba pamoja. Kwa mmoja -nge- imekwisha kazi yake, kwa wengine ingali inafanya kazi.

Wimbo wenye uwezo huo haustahili kuachwa nje ya darasa la fasihi kwa sababu tu unachezwa kwa gitaa.