Sauti ya Kivuli: Uigizaji wa Lupita Nyong'o katika Us

Katika filamu ya kutisha ya Us (2019), iliyotungwa na kuongozwa na Jordan Peele, Lupita Nyong'o, ambaye jamaa zake ni Wajaluo wa Kisumu, aliigiza wahusika wawili: Adelaide, na Red, kivuli chake kiishicho chini ya ardhi. Miongoni mwa vivuli wote, Red peke yake ndiye asemaye, kwa sauti ya kukwaruza. Mwigizaji alieleza kwamba sauti hiyo aliichota katika ugonjwa wa mishtuko ya misuli ya koo. Watetezi wa wagonjwa walilalamika, naye akaomba radhi. Lawama ilikuwa ya haki: maradhi ya watu yasifanywe alama ya uovu.

Hata hivyo, sababu ya sauti hiyo imo ndani ya hadithi yenyewe. Red alikabwa koo utotoni, akanyang'anywa nafasi yake duniani. Wajaluo wa ufuko wa Ziwa husema mtu ni mwili na tipo, yaani kivuli. Na aliyedhulumiwa akafa aweza kurudi kudai haki yake. Peele hakuikusudia imani hiyo, lakini yamulika uigizaji huu: kinachotisha si koo bovu, bali dhuluma iliyopata msemaji.