Mizani ya Raia katika Kigogo

Watahiniwa wengi waliyachambua maudhui ya ufisadi katika Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea, kwa kumtwika Majoka lawama zote. Jibu hilo ni nusu. Je, raia wa Sagamoyo wanamhukumuje kiongozi aliyelifunga soko la Chapakazi?

Kenga anapoleta keki ya uhuru, Sudi anaikataa kwa kuiona makombo. Boza na Kombe wanaila. Asiya, mkewe Boza, anauza pombe haramu kwa idhini ya utawala, na Ngurumo, mlevi wake, anamtetea Majoka. Si kwamba hawauoni uovu. Wanaupima kwa tumbo. Kwao, mkono mtupu haulambwi. Tunu na Sudi wanaupima kwa haki. Hata hivyo, mwishoni Asiya anamwomba Tunu msamaha, ishara kwamba mizani ya raia hubadilika.

Nchini Kenya, Sura ya Sita ya Katiba ya 2010 inadai uadilifu kwa viongozi, lakini wengi walioshtakiwa hupimwa kwanza debeni. Mwalimu, darasa likimaliza kumhukumu Majoka, liulize pia: ni nani waliokula keki yake?