Fundi wa Viraka

Kwenye baraza za Kariakoo, penye duka la vitambaa hapakosi fundi na cherehani yake nyeusi ya miguu. Wanaoshona magauni ya harusi husifiwa ukumbini. Mimi namheshimu zaidi yule anayepokea suruali iliyopasuka msambani.

Kazi yake huanza kwa macho. Anaigeuza nguo ndani nje, anavuta kingo za tundu aone kitambaa kizima kinaanzia wapi, maana mshono ukishika nyuzi zilizokwisha kulika, utaachia wiki hiyohiyo. Kiraka hukikata kwenye pindo la suruali yenyewe, akiweza, ili kitambaa kiwe kilekile. Jinzi inataka sindano namba 16. Shati jepesi, namba 11. Anaondoa kile kiguu kinachobana kitambaa chini ya sindano, anakanyaga polepole, mikono ikisukuma nguo mbele na nyuma, mistari ikibanana mpaka tundu lijae. Muda wote huo sindano inapita karibu na kucha zake. Akivuta mno, kitambaa kinakunjamana. Uzi wa juu ukilegea, unafanya mafundo na kazi yote hufumuliwa kwa wembe.

Ujira ni mdogo, na bado tunaomba atupunguzie. Januari, shule zinapofunguliwa, sketi na kaptula za mwaka uliopita hurundikana mezani pake, na kila mzazi anaitaka yake kesho asubuhi. Wako watoto wengi wanaosimama mbele ya darasa bila kuona haya kwa sababu ya mistari ile, nao hawamjui aliyeipiga.