Mkutubi wa Hull na Sahani Zake za Santuri

Kabla ya kuanza, msomaji, yafaa tuelewane juu ya neno moja. Wazee wetu walipolitamka neno jazi, aghalabu walikusudia bendi ya dansi: Morogoro Jazz, Western Jazz, au ile O.K. Jazz iliyoundwa Léopoldville mwaka 1956. Bendi hizo zilipiga rumba na mitindo mingine ya kuchezwa, wala haukuwa muziki ambao Wamarekani huuita kwa jina hilo. Jazi nitakayoizungumza hapa ni ile iliyoanzia New Orleans, kusini ya Marekani, miongoni mwa watoto na wajukuu wa watumwa. Muziki wa tarumbeta, klarineti na ngoma, ambamo mpigaji hubuni sauti zake papo hapo juu ya wimbo unaojulikana. Na mtu ninayetaka tumpime hakuwa mpigaji wa muziki huo. Alikuwa mpenzi wake tu: Mwingereza, mshairi mashuhuri, ambaye kazi iliyompa mshahara ilikuwa kutunza vitabu.

Jina lake ni Philip Larkin. Alizaliwa katika mji wa Coventry mwaka 1922, akasoma Oxford, na tangu 1955 hata alipofariki 1985 alikuwa mkutubi mkuu wa Chuo Kikuu cha Hull, mji wa bandari ulio mashariki ya Uingereza. Vitabu vyake vikuu vya mashairi ni vinne, vyote vyembamba, na baina ya kimoja na kingine ilipita karibu miaka kumi. Lakini kuanzia 1961 mpaka 1971 aliandika kwa kawaida katika gazeti la The Daily Telegraph juu ya sahani mpya za jazi, na mwaka 1970 makala za miaka ya kwanza zilikusanywa katika kitabu kiitwacho All What Jazz. Kitabu hicho ndicho nikuleteacho leo. Nakiona kuwa kitabu chenye uhai mwingi na chenye kosa kubwa, na uhai na kosa hilo vyatoka katika chemchemi moja.

Larkin hakufundishwa jazi na mwalimu yeyote. Aliipata katika miaka ya 1930 kwa kusikiliza bendi za dansi, na wazazi wake, walipoona jinsi kijana alivyoshikwa, wakamnunulia ngoma za kupiga nyumbani. Jambo hili lastahili kutazamwa mara mbili, maana baba yake alikuwa mtunza hazina wa mji, mtu wa hesabu na taratibu. Huko Oxford alikuta vijana wenziwe, mmoja wao Kingsley Amis aliyekuja kuwa mwandishi wa riwaya, na pamoja wakawa wakisikiliza sahani za Louis Armstrong, Sidney Bechet na Pee Wee Russell kwa bidii kubwa kuliko ile waliyoitumia katika baadhi ya masomo yao. (Nalitaja kwa kuwa ni kweli, si kwa kuwa nalipendekeza, na Larkin, kumbuka, alipata daraja la kwanza.)

Wala hakuwa mtu wa pendo moja. Alipanda baiskeli akizunguka mashamba na vijiji, akasimama kutazama makanisa ya kale ijapokuwa yeye mwenyewe hakuwa mtu wa dini. Alikuwa na kamera nzuri, akapiga picha nyingi sana, na nyingine alijipiga mwenyewe kwa kuitega kamera na kukimbilia mahali pake. Alipenda mchezo wa kriketi. Alisoma riwaya za upelelezi bila haya yoyote, na alipenda hadithi za sungura alizoziandika Beatrix Potter kwa ajili ya watoto. Mtu angeweza kuona mambo haya kuwa ya kupitisha wakati tu, lakini msomaji wa mashairi yake hawezi kuyadharau. Katika shairi lake la Church Going, mtu aingiaye kanisani patupu avua vibanio vya suruali, vile avaavyo mpanda baiskeli, badala ya kofia ambayo hanayo. Heshima yote ya mtu asiyeamini imo katika kitendo hicho kidogo. Mashine yake ya kukatia majani ilipomwua kalunguyeye aliyejificha katika majani marefu, mwaka 1979, kalunguyeye huyo akaingia katika shairi fupi ambalo watu husomeana mpaka leo. Tena liko jambo la Barbara Pym. Mwandishi huyu wa riwaya alikataliwa na wachapishaji tangu 1963, na kwa miaka mingi Larkin hakuacha kumwandikia na kumsifu. Mwaka 1977 gazeti moja la fasihi liliwauliza waandishi ni nani aliyesahauliwa isivyo haki. Larkin akamtaja Pym, na Lord David Cecil akamtaja vilevile. Mwaka huohuo riwaya yake mpya ikachapishwa. Pendo la mtu mmoja asiyechoka lilisaidia kumfufua mwandishi.

Sasa twende kwenye jazi. Uzuri wa makala za Larkin ni kwamba anaandika kama mtu amwambiaye rafiki yake habari ya sahani aliyoisikiliza jana usiku. Haringi kwa maneno ya kitaalamu. Akimzungumza Bechet, wasikia klarineti pana, yenye kutetema, yenye mapenzi yasiyoficha kitu. Akimzungumza Bessie Smith, wasikia sauti ya mwanamke asiyeomba radhi kwa mtu. Kipimo chake ni sikio lake na furaha yake: je, muziki huu wanichangamsha? Je, nitaupiga tena kesho? Mwishoni mwa dibaji awafikiria wasomaji wake, wanaume waliokwisha kuwa watu wazima, wenye nyumba na madeni na watoto wasiowaelewa, ambao sahani za ujana wao ndizo zilizowabakia. Kurasa hizo ni za kuchekesha na za kuhuzunisha kwa pamoja, na sijui wahakiki wengi wa muziki wanaowajua wasomaji wao kwa kiasi hicho. Yeye hana shaka kwamba muziki wa baa na ukumbi wa dansi ni sanaa kamili. Aliamini kuwa Armstrong alikuwa mtu mkubwa katika utamaduni wa karne yake kuliko Picasso, na katika Uingereza ya wakati ule maneno hayo yalihitaji ujasiri.

Kosa nalo limo katika dibaji hiyohiyo. Larkin asimulia kwamba alipoanza kazi ya gazeti alikuwa amekaa mbali na jazi mpya kwa miaka kadhaa, na sahani zilipomfikia alishtuka. Badala ya Bechet alimkuta Charlie Parker, na baada ya Parker akawakuta Miles Davis na John Coltrane: mwendo wa kasi, sauti kali, vipande virefu visivyochezeka. Mwanzoni aliwasifu kwa adabu, kama mgeni aliyepewa chakula asichokipenda. Kisha akaamua kusema wazi. Akamweka Parker pamoja na Ezra Pound katika ushairi na Picasso katika uchoraji, akawashtaki wote watatu kwamba waliuvunja uhusiano wa zamani baina ya msanii na watu wake, wakafanya sanaa ya kuwashangaza watu badala ya kuwafurahisha.

Mashtaka haya yana nguvu, wala usiyatupe upesi. Nani kati yetu hajasoma shairi lililoandikwa ili lisieleweke? Lakini tazama jinsi Larkin aelezavyo sababu ya mabadiliko katika jazi. Asema, kwa maneno yangu mimi, kwamba mvutano mwema baina ya mpigaji na msikilizaji ulilegea mtu mweusi alipoacha kutaka kumtumbuiza mzungu. Isome tena kauli hiyo polepole. Ameiona sababu ya kweli kabisa, tena ameiona kabla ya wahakiki wengi wenziwe. Kisha akaihesabu kuwa hasara. Hakuuliza kutumbuiza kwenyewe kulikuwaje.

Tumwulizie sisi. Katika mtaa wa Harlem, New York, palikuwa na ukumbi mashuhuri uitwao Cotton Club. Duke Ellington na bendi yake walipiga humo kuanzia 1927. Wapigaji walikuwa weusi, wachezaji jukwaani walikuwa weusi, na ukumbi wenyewe ulikuwa katikati ya mtaa wa watu weusi. Lakini wateja weusi hawakukaribishwa kuketi. Hiyo ndiyo ladha ya zamani ambayo Larkin aliililia. Vijana waliokutana katika klabu ya Minton's, papo hapo Harlem, mwanzoni mwa miaka ya 1940, walitaka wasikilizwe kama wanavyosikilizwa wapigaji wa muziki wa Ulaya, yaani msikilizaji atulie, asitazame meno yao yakicheka. Na hata walipopata sifa hiyo, mlango ulikuwa haujafunguka: mwezi wa Agosti 1959 Miles Davis alisimama mbele ya klabu ya New York ambamo alikuwa akipiga usiku uleule, na polisi wakampiga mpaka akatoka damu kichwani.

Hata Armstrong, kipenzi cha Larkin, hakuwa yule mcheshi aliyeridhika na kila kitu. Septemba 1957 watoto weusi walipozuiliwa kuingia shuleni huko Little Rock, alimlaumu waziwazi Rais Eisenhower, akakataa safari ya Urusi ambayo serikali ilitaka aifanye kwa jina la nchi yake. Miaka mitatu baadaye alizuru Afrika, na Nairobi ikawa mojawapo ya miji aliyofika. Tabasamu lile lilikuwa na mtu nyuma yake.

Mwaka 1992, miaka saba baada ya kufa kwake, barua za Larkin zilichapishwa, na rafiki yake Anthony Thwaite ndiye aliyezihariri. Mwaka uliofuata ukatoka wasifu wake ulioandikwa na Andrew Motion. Humo watu wakakuta maneno ya dharau juu ya watu weusi, ya namna ambayo sitayaweka katika kitabu kisomwacho shuleni. Palizuka ugomvi mkubwa. Wengine walisema ni mzaha mbaya baina ya marafiki wa ujanani; wengine walitaka mashairi yake yaondolewe katika mitaala. Ugomvi haukumwondoa: Desemba 2016 jiwe la kumbukumbu yake liliwekwa katika kanisa la Westminster, penye pembe ya washairi.

Huenda wewe, msomaji wa Kenya, ukauliza kwa nini basi nakupa mtu huyu umsome. Jibu la kwamba mapenzi yake kwa Armstrong yalikuwa unafiki silikubali. Mtu hadanganyi kwa miaka hamsini peke yake chumbani, penye santuri na giza la jioni. Aliupenda muziki ule kweli. Ila aliupenda kama mtu apendaye maji ya mto bila kuuliza watu wanaokaa mlimani wanaishije. Na kwa mhakiki, jambo la kuzingatia ni hili: hatukuhitaji barua za siri ili kulijua. Lilikuwa wazi katika dibaji ya 1970, katika kauli ile moja, na kila msomaji angeweza kulikuta kama angesoma kwa makini. Uhakiki unaongoja siri za marehemu zifichuliwe ni uhakiki mvivu.

Tena liko kosa la sikio, ambalo kwa maoni yangu lamwumiza Larkin zaidi, kwa sababu sikio ndilo alilolitegemea. Itafute sahani ya West End Blues, ambayo Armstrong aliirekodi Chicago mwezi wa Juni 1928. Siku hizi haina shida kupatikana, hata kwa simu. Kabla bendi haijaingia, tarumbeta yapiga peke yake kwa muda wa sekunde kumi na kitu: yapanda, yasita, yajimwaga chini kama mtu ashukaye ngazi mbio gizani bila kujikwaa. Jaribu kuicheza dansi sehemu hiyo. Haichezeki. Hapana mwendo wa kushika, hapana mwenzi wa kumvuta mkono. Msikilizaji hana budi kukaa kimya akangoja. Ndipo bendi iingie, na wimbo uende polepole kama kawaida.

Kisha sikiliza Ko-Ko, ambayo Charlie Parker aliirekodi Novemba 1945. Mara ya kwanza utachoka, mimi nilichoka. Isikilize tena siku ya pili, na ya tatu, na hapo urudie zile sekunde za mwanzo za Armstrong. Utasikia kwamba saksofoni ya Parker yafanya kwa karibu dakika tatu jambo lile lile ambalo tarumbeta ililifanya kwa pumzi chache miaka kumi na saba kabla yake. Mlango ambao Larkin alimlaumu Parker kwa kuuvunja ulikuwa umefunguliwa na Armstrong mwenyewe, katika mojawapo ya sahani zinazoenziwa sana na wapenzi wa jazi ya kale.