Divai nyekundu ya wakwe: tununue ipi?

Katika orodha za mali ya ndoa ambazo jamaa za Nyangwe na Kasongo wamenipa kuandika (mwalimu ndiye karani wa ukoo, hakuna anayemuuliza kama anataka), kuna mstari mmoja ambao zamani za wazee wetu haukuwako. Baada ya mbuzi, kitenge cha mama na koti ya baba, inaandikwa: "divai nyekundu ya Bordeaux, chupa 6." Ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi hapa kwetu, hawauandiki mstari huo, na makala haya hayawalazimishi kitu. Ninasema na sisi tunaouandika. Tunaandika jina bila kujua ni jina la nini, kiisha kijana anayeoa ndiye analipa.

Mpwa wangu alilipa. Tulinunua chupa sita kwa mfanyabiashara mmoja aliyeapa kwamba ni Bordeaux ya kweli. Karatasi ya chupa ilikuwa na picha ya jumba kubwa na herufi za dhahabu. Mbele ya wakwe, mjomba wa bibi arusi akapiga funda moja, akanyamaza kidogo, akatuambia: "Baba zangu, hii mumetuletea siki yenye sukari." Tukatozwa amande, mbuzi mmoja juu ya wale wengine. Usiku nilivaa miwani nikasoma ile karatasi yote. Neno Bordeaux halikuwamo hata kidogo. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mchwa, iliandikwa "boisson à base de vin", maana yake kinywaji kilichotengenezwa kwa divai pamoja na vitu vingine. Mimi mwenye diploma ya ISP, ninayefundisha Kifaransa, sikusoma karatasi kabla ya kulipa!

Tangu siku ile nimesoma mambo ya divai zaidi kuliko inavyofaa kwa mtu wa mshahara wangu. Haya ndiyo niliyoyapata.

Bordeaux ni mji wa Ufaransa, na divai inayobeba jina hilo inatoka katika mashamba mengi mno yanayouzunguka. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1935 ndiyo iliyoweka majina ya asili yanayolindwa. Kwa hiyo chupa ya kweli inaandikwa "Appellation Bordeaux Contrôlée", ama jina la sehemu ndogo zaidi kama Médoc, Margaux au Saint-Émilion, pamoja na jina la aliyeitia katika chupa. Pasipo maneno hayo, picha ya jumba ni picha tu. Tena, kadiri mahali panapotajwa ni padogo, ndivyo divai inavyotazamiwa kuwa bora. "Bordeaux" peke yake, bila neno lingine, mara nyingi ni divai ya kila siku, ile Wafaransa wanakunywa na mkate.

Sifa kubwa ya jina hili ilitokana na orodha. Mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris, Napoleon III alitaka divai zipangwe kwa daraja. Madalali wa Bordeaux wakapanga nyekundu za Médoc, pamoja na moja ya Graves, katika madaraja matano. Juu kabisa waliweka Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion. Lakini tazama walivyopanga: walifuata zaidi bei ambazo kila shamba lilikuwa likiuza kwa miaka mingi. Na orodha hiyo karibu haijaguswa. Badiliko kubwa lilikuwa la mwaka 1973, Mouton ilipopandishwa daraja la kwanza. Mwanafunzi aliyepata pointi nzuri mwaka 1855 angali anabeba buletini ile ile. Katika shule yangu jambo hilo lisingekubaliwa.

Tarehe 24 Mei 1976, hapo hapo Paris, Mwingereza mmoja mfanyabiashara wa divai, Steven Spurrier, aliwakalisha waonjaji Wafaransa na glasi zisizo na majina. Katika nyekundu, ile waliyoipa pointi nyingi ilitoka California, ya Stag's Leap, mwaka wa mavuno 1973. Ilipita Mouton na Haut-Brion. Ulimi ulipofunikiwa macho ulisema mambo mengine.

Sasa nishauri, maana ndiyo kazi niliyojipa. Divai nzuri inayofika Kasongo imepita barabara ya siku nyingi, juu ya lori ama pikipiki, jua likiichoma. Joto linaiua. Kwa hiyo Bourgogne siishauri, hata kama ni ya kusifiwa sana: zabibu yake, pinot noir, inatoa divai nyepesi inayoharibika upesi ikisumbuliwa, na bei yake ni ya mawaziri. Ninayoishauri kwanza ni Rioja, ya Hispania. Wahispania wanakusaidia kwenye karatasi yenyewe: "crianza" ni iliyopumzika, "reserva" imepumzika miaka mitatu kwa uchache, mmoja wake katika pipa la mti, na "gran reserva" miaka mitano. Baba mkwe akiuliza umri, unamwonyesha. Ya pili ni ya Stellenbosch, Afrika Kusini. Huko kuna pinotage, zabibu iliyozaliwa mwaka 1925 kwa mkono wa Profesa Perold, ina nguvu na inapenda nyama ya mbuzi ya kuchoma. Bordeaux mtu akiing'ang'ania, achukue yenye mwaka na jina la mahali padogo. Dodoma, jirani zetu wa Tanzania, wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na hilo ninalistahi. Lakini nyekundu yao niliyoonja ilikuwa na sukari kupita kiasi kwangu.

Ukakasi wa divai nyekundu, ule unaokamata ulimi kama ndizi mbichi, si ubovu; unatoka katika maganda ya zabibu. Siki ni kitu kingine, inachoma koo. Pilipili yetu inazidisha ukakasi, kwa hiyo usiinywe na sombe yenye pilipili kali. Na wale wanaosema nyekundu inyweke na joto la chumba walikuwa na vyumba vya Ulaya, digri 16 hadi 18. Weka chupa ndani ya mtungi wa maji saa moja kabla ya wageni kufika.

Hata hivyo kuna jambo linaloniuma katika mstari ule wa orodha. Stanley alipofika Nyangwe mwaka 1876 aliandika vitu vilivyouzwa sokoni kwetu, na kati ya samaki, mihogo na chumvi aliweka divai ya ngazi, kwa jina lake: malofu. Leo malofu inakaa nyuma ya nyumba, inanywewa na vijana wa jikoni, na wasomi tunaona haya. Nayo tulikuwa tukiipanga kwa daraja bila karatasi. Ya alfajiri ni tamu na ina povu, ya jioni ina nguvu, ya kesho kutwa ni siki. Ya ngazi iliyosimama inatoka kidogo kidogo, na mti unabaki. Ya ngazi iliyokatwa inatoka mingi siku chache, na mti umekwisha. Wazee wa kwetu waliuliza ni ngazi ya nani na nani aliipanda asubuhi ile, na mgema alikunywa wa kwanza mbele yao. Hakuna herufi ndogo za kuficha hapo.

Mwezi uliopita niliitwa tena kuandika orodha, safari hii sisi ndio upande wa binti. Niliandika: "divai nyekundu, chupa 2, mwaka na mahali vionekane, malofu ya asubuhi, ngazi iliyosimama, kibuyu 1." Shangazi yangu alikubali chupa mbili, akasimama kwenye kibuyu. Akauliza katika mtaa mzima ni nani bado anapanda ngazi. Tulihesabu watu wawili, na mmoja wao ana magoti mabovu.