Shauri la Kukata: Kipaka Mlemavu Katika Mji wa Guangzhou

Mguu uliopinda si hoja ya kutosha ya kuukata, na mguu ulionyooka si dhamana ya kuuacha. Hapo ndipo tabibu wa wanyama aanzapo aletewapo kipaka mwenye kilema, hata ikiwa mwenyewe ameingia mlangoni akiwa amekwisha kukata shauri lake moyoni. Katika Guangzhou, mji ambao wafanyabiashara wetu wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja wamezoea kupanga vyumba katika mitaa ya Xiaobei, na ambao Chuo Kikuu cha Kilimo cha China Kusini, kilichoko Wushan katika wilaya ya Tianhe, kinafundisha utabibu wa wanyama na kina hospitali yake ya mafunzo, eksirei na usingizi wa dawa si vitu adimu, na mpasuaji hodari hupatikana. Ugumu basi haumo katika kisu, umo katika hukumu itanguliayo kisu.

Mji huu una historia yake katika jambo hili. Tarehe 4 Novemba 1835 tabibu wa Kimarekani, Peter Parker, alifungua hospitali ya macho katika eneo la maghala ya wageni kando ya Mto Lulu, na muda si muda wakamjia watu wenye maradhi yasiyohusu macho hata kidogo, aghalabu uvimbe mkubwa uliolelewa miaka mingi kwa kukosa mtu wa kuuondoa. Mwezi wa Januari 1836 alimpasua binti wa miaka 13, Akae, lakini hakugusa kisu mpaka wazazi wake walipotoa hati ya kukubali kwamba mtoto akifa lawama haitakuwa juu ya tabibu. Na mwezi wa Novemba mwaka uo huo alimkata Po Ashing mkono wote begani, na Parker mwenyewe akaandika kwamba, kwa kadiri ya alivyojua, huyo alikuwa Mchina wa kwanza kuridhia kwa hiari yake kukatwa kiungo. Ridhaa hiyo haikuwa jambo dogo katika umma uliofunzwa tangu kale kwamba mwili ni amana ya wazazi na haufai kupunguzwa. Kukata kwenyewe, kwa maelezo ya Parker, hakukupita dakika moja. Na ilibidi kuwe hivyo, kwani etha haikutumiwa hospitalini hapo mpaka mwaka 1847, na mpasuaji wa zama hizo rehema yake ilikuwa katika wepesi wa mkono. Mchoraji Lam Qua alimchora Po Ashing kabla na baada ya kukatwa, na sehemu kubwa ya picha zake za wagonjwa wa Parker imehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Yale.

Paka hana hati ya kutia sahihi kama wazazi wa Akae, wala hana ulimi wa kuridhia kama Po Ashing. Ushahidi wote hutolewa mwilini mwake na katika mwenendo wake, na kazi ya tabibu ni kuusoma ushahidi huo pasipo kuuchanganya na huruma ya mwenye paka wala na fahari ya fani yake mwenyewe.

Na tumchukue kipaka wa mfano, mwenye umri wa miezi minne, ambaye mguu wake mmoja wa mbele umepinda kwa ndani kifundoni kwa sababu katika mifupa miwili ya kigasha, ule wa upande wa kidole gumba haukuumbika, au umeumbika nusu. Kilema hiki ni maarufu kwa matabibu wa paka. Kwa kuwa kilichoharibika tumboni mwa mama huenda hakikuharibika peke yake, tabibu haanzi na mguu: husikiliza moyo kwanza, na akisikia mlio usio wa kawaida huomba moyo upigwe picha kwa mawimbi ya sauti kabla ya kufikiri juu ya usingizi wowote, hupapasa uti wa mgongo na kaakaa, kisha hukagua miguu mitatu mingine kwa makini zaidi kuliko ule ulioletwa, maana hiyo ndiyo itakayobeba mzigo. Kilema hiki wakati mwingine hukamata miguu yote miwili ya mbele, na hapo shauri la kukata hufa papo hapo.

Kisha huja eksirei, mguu ukipigwa kwa mbele na kwa ubavuni, kwa kuwa picha ya upande mmoja huficha mpindo wa upande wa pili. Baada yake huja jaribio dogo ambalo wengi hulisoma vibaya: kidole cha mguu huminywa kwa koleo, paka akauvuta mguu, na mwenyewe akafurahi kwamba fahamu zimo. Kuuvuta mguu peke yake ni kazi ya uti wa mgongo, nao huweza kuifanya bila ubongo kuwa na habari. Ushahidi hasa ni paka kugeuza kichwa, kulia, au kutaka kuuma.

Lakini ushahidi ulio bora haupatikani hospitalini. Paka mgeni mezani hujikunyata na kuganda, asitembee wala asionyeshe maumivu, na tabibu anayeamua kwa kumtazama hapo anaamua juu ya hofu. Afadhali mwenyewe apige picha za video nyumbani siku kadhaa: paka akiingia katika sanduku la mchanga, akipanda kitini, na zaidi ya yote akishuka, maana miguu ya mbele hubeba kiasi cha asilimia 60 ya uzito wa mwili na ndiyo ipokeayo kishindo cha kutua. Kwa maumivu kuna kipimo kilichotolewa mwaka 2019 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, kisomacho uso wa paka katika mambo matano: masikio, macho, pua na mdomo, sharubu, na jinsi kichwa kilivyobebwa. Nakisifu kipimo hiki kwa kuwa kimemwondolea mwenye paka lile neno la kila siku, kwamba paka wake haumwi kwa sababu halii.

Ikiwa ushahidi huo unaonyesha kwamba kipaka anakanyagia kifundo chake kilichopinda, anakimbia, ngozi ya mahali anapokanyagia ni nzima na uso wake ni mtulivu, basi mguu ule, pamoja na ubaya wake wote wa kutazamwa, ni mguu wa kazi, na anayeukata anamfanyia paka dhuluma kwa ajili ya macho ya watu. Ikiwa kilema kimeonekana katika majuma ya kwanza ya maisha, na sababu yake ni kano zilizokazana tu hali mifupa yote imo, kuunyoosha kwa mkono mara nyingi kwa siku na kuufunga banzi jepesi huweza kuurudisha sawa. Walakini banzi hilo lataka kufunguliwa na kufungwa upya mara kwa mara, kwa kuwa kipaka hukua kila siku na kitambaa hakikui, na mguu uliobanwa kwa wema huweza kuoza kama uliobanwa kwa ubaya. Upasuaji wa kunyoosha mifupa nao upo, ila kwa mnyama ambaye magegedu ya ukuaji katika miguu yake ya mbele yatabaki wazi hadi apite umri wa mwaka, kilichonyooshwa leo kinaweza kupinda tena.

Kinachobaki kwa kisu ni mguu usio na kazi wenye madhara: unaoburutwa, unaochubuka na kupata vidonda visivyopona, usio na fahamu hata paka anautafuna, au unaouma kila aguswapo. Kwa mguu wa namna hiyo kuchelewa si hadhari. Kipaka mwepesi hujifunza mizani mpya upesi kuliko paka mzee mnene, na wengi husimama na kutembea kabla siku mbili hazijaisha.

Mtu akisikia mguu unakatwa hudhani kwamba kipande kikubwa kikibaki ni faida. Kwa paka ni kinyume. Kigutu kirefu hukumbuka kazi yake ya zamani, paka akakigonga sakafuni kila hatua mpaka ngozi ikapasuka juu ya ncha ya mfupa. Kwa hiyo mguu wa mbele hutolewa pamoja na kombe la mkono, yaani mfupa bapa wa bega, na mguu wa nyuma hukatwa juu katika fupa la paja au hutolewa katika kiungo cha nyonga. Mshipa upelekao damu hufungwa kabla ya ule uirudishao, ili damu iliyomo mguuni ipate kurejea mwilini badala ya kutupwa pamoja nao; na mishipa ya fahamu hutiwa ganzi kwanza, ndipo ikatwe kwa mkato mmoja safi. Kipaka hashindishwi njaa usiku kucha kama mtu mzima, kwa sababu sukari ya damu yake huisha upesi, na joto la mwili wake hulindwa tangu mwanzo hadi azinduke. Maumivu ya baadaye hutulizwa kwa dawa za jamii ya afyuni na nyingine alizoandika tabibu, na hapa nataka nieleweke wazi: panadoli ya binadamu, hata kidonge kimoja, humuua paka.

Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, na kuanzia hapo nyumba ndiyo hospitali. Nyumba za Guangzhou zina mambo mawili ya kuzingatiwa. La kwanza ni majira ambayo hewa yenye unyevu hurudi kutoka kusini mwishoni mwa baridi, mwezi Machi au Aprili, kuta zikatoka jasho na vigae vya sakafu vikawa utelezi mtupu. Paka wa miguu mitatu hutaka mikeka njia nzima atokayo chakulani mpaka mchangani, na sanduku lenye ukingo mfupi. La pili ni ghorofa: paka aliyezoea kurukia dirishani kwa miguu minne atajaribu tena kwa mitatu, basi dirisha na roshani viwekewe wavu kabla hajarudishwa. Mwenye safari za kwenda na kurudi Afrika Mashariki apange mapema nani atakayempima uzito kila mwezi, kwa maana unene ndio adui wa miguu iliyobaki. Na aliyepoteza mguu wa nyuma akunwe sikio la upande ule kila siku, kwa kuwa kigutu kitatikisika kutaka kulikuna na hakitalifikia.